Pima Huku Taa Inawaka: Mazungumzo na Mafundi Umeme wa Magari, Mwanza

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu wa kazi, mafundi wenzangu wa Nyakato, Igoma na Buzuruga, nyinyi mliotoka Magu na Lamadi alfajiri, na vijana wetu mnaojifunza: wazee shikamooni, wengine habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie umeme wa magari ya kuishi yaliyozeeka. Mnayajua. Ndani mna kitanda, jiko la gesi, friji, sinki na pampu ndogo ya maji. Mengine ni Kombi za Volkswagen za miaka ya sabini, mengine ni Mercedes za mizigo zilizojengewa chumba nyuma, mengine ni malori makubwa yanayobeba watalii na mahema. Yanashuka kutoka Kenya kupitia Sirari na Musoma, au yanapanda kutoka kusini, na karibu yote yanatugusa: yanaelekea lango la Ndabaka kuingia Serengeti, au yanavuka Kigongo–Busisi kwenda Geita, Bukoba na kuendelea Uganda au Rwanda. Yakizima, yanazimia kwetu.

Msidhani kila mwenye gari hilo ni tajiri anayetembeza pesa. Wengi ni wastaafu, au vijana waliouza walichokuwa nacho. Gari ndilo nyumba yao, hawana nyingine ya kurudi jioni hiyo. Wapo wanaotunza insulini kwenye ile friji ndogo. Kwa hiyo mtu anapokuja kwako akisema taa za ndani zimefifia na friji haipoi, usichukulie kwamba anadai starehe.

Na sisi huwa tunafanya nini? Tuambiane ukweli, tuko wenyewe. Tunaweka mita kwenye betri, tunasoma 12.5, tunasema betri nzima. Tunaweka mita kwenye waya wa friji, tunasoma 12.4, tunasema waya mzima. Basi friji imekufa. Au tunabadilisha betri, tatizo linabaki. Tunabadilisha altaneta, ile jenereta ya injini inayochaji betri, linabaki. Tunabadilisha rilei, ile swichi inayoendeshwa na umeme, tatizo linatulia siku mbili kisha linarudi. Hiyo ni kupiga ramli, na ramli hiyo tunaipiga kwa pesa ya mteja.

Leo nina jambo moja tu, na mengine yote nitayatundika juu yake. Volti ulizozipima mzigo, yaani kifaa kinachokula umeme, ukiwa umezimwa hazikuambii kama waya ni mzima. Washa kwanza, ndipo upime.

Sogeeni mezani. Hii ni betri ya kawaida ya volti 12. Hii ni taa kubwa ya mbele ya gari, wati 55. Na hiki ni kipande cha waya nilichokikata kwenye gari la kuishi la zamani. Tazameni mwisho wake, pale unapoingia kwenye kipete cha kufungia: shaba imegeuka kijani, na nikiipinda kidogo nyuzi zinakatika. Nimeunga waya huu kati ya betri na taa, lakini swichi bado sijaiwasha. Naweka mita mwisho wa waya. Inasoma 12.5. Kijana, wewe wa shati la bluu, soma kwa sauti. Naam, 12.5.

Sasa nawasha. Taa imewaka, lakini ione rangi yake, njano iliyochoka. Mita sijaihamisha. Soma tena. 9.4. Volti 3 zimepotea kwenye kile kiungo kisichozidi urefu wa ukucha. Weka kidole hapo taratibu. Unasikia joto? Zile volti zilizopotea zimegeuka kuwa hilo joto.

Sababu yake ni hii. Mita nzuri ya kidijiti ina ukinzani mkubwa sana ndani yake, yaani inazuia sana umeme kupita, kwa kawaida omu milioni 10. Inapopima volti 12 inachukua kama sehemu ya milioni moja ya ampea tu. Mkondo mdogo kiasi hicho unapita popote, hata kwenye kutu, hata kwenye uzi mmoja wa shaba. Mita inakwambia kwamba kuna njia. Haikwambii kama njia hiyo inaweza kubeba ampea 4 za taa, ampea 10 za friji au ampea 200 za stata, ile mota ya kuwashia injini. Ndiyo maana taa ya kupimia ya kizamani, ile yenye balbu, bado naipenda: yenyewe ni mzigo. Lakini iwe na balbu yenye wati za kutosha, na usiipeleke kwenye waya za kompyuta ya injini kama gari linayo.

Mkishaelewa hilo, njia ya kupima upotevu ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Hutafuti volti kati ya chanya na hasi. Unatafuta volti kati ya ncha mbili za upande uleule. Chomeka ncha nyeusi ya mita kwenye nguzo hasi ya betri, nguzo yenyewe ya risasi, si kipete kilichofungwa juu yake. Ncha nyekundu ipeleke kwenye waya hasi wa kile kifaa kinacholalamikiwa. Washa kifaa. Mita ikisoma sifuri au karibu yake, upande wa hasi ni mzima. Ikizidi kama 0.2 au 0.3, kuna kitu njiani. Ikisoma 2, umeshampata mwizi, kilichobaki ni kujua anakaa wapi. Sogeza ncha nyekundu hatua kwa hatua kurudi kwenye betri. Pale volti zinaposhuka ghafla, ugonjwa uko kati ya hapo na mahali ulipopima kabla. Ukimaliza hasi, fanya hivyohivyo upande wa chanya.

Nimeanza na hasi kwa makusudi. Kwenye magari haya ugonjwa hukaa sana upande wa ethi, yaani upande wa hasi unaorudisha umeme kwenye betri. Chumba cha kuishi mara nyingi kimejengwa kwa mbao na kuvikwa bati la alumini au faiba, na ganda hilo halitegemewi kurudisha umeme. Aliyejenga alikusanya nyaya zote hasi, akazifunga kwa skrubu moja kwenye chuma cha chasisi, akapaka rangi juu. Miaka ikapita. Ziwa letu ni la maji baridi, halina chumvi, kwa hiyo unyevu wa hapa hauli chuma kwa kasi ya Tanga au Bagamoyo. Lakini magari mengi ya Ulaya yamepitia barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa barafu, na yamekuja na kutu hiyo chini ya rangi. Mtikisiko wa barabara zetu za vumbi unamalizia kazi. Skrubu ile ukiitazama kwa macho utaiona iko pale pale, imekaza.

Niwape mfano wa kazi iliyofika mikononi mwangu. Lilikuja gari la Kijerumani, la dizeli, limepitia gereji kwenye mji mwingine. Lilikuwa na betri mpya, stata mpya na altaneta mpya. Bado asubuhi stata ilizunguka kivivu, mara nyingine ikagonga tu ikakaa kimya. Mwenye gari alikuwa na fungu la risiti. Nilimwambia msaidizi apige stata, mimi nikiwa na ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye bloku ya injini, chuma kitupu. Mita ikapanda hadi karibu volti 4. Hapo pasingezidi hata nusu volti.

Halafu kuna kitu kidogo ambacho nataka mkikumbuke. Waya wa akselereta, ule wa chuma unaovutwa na pedali, ulikuwa wa moto. Stata inahitaji ampea mia na ushei, na injini ya dizeli huvuka 200. Ule mkanda mpana wa waya uliosukwa, unaounga injini na chasisi, ulikuwa umeoza ndani ya kipete chake. Injini imekaa juu ya mipira, haina njia nyingine ya kurudisha umeme. Basi umeme ukajitafutia njia kupitia waya wa akselereta. Ukikuta waya wa akselereta, wa klachi au wa spidomita umepata joto au ganda lake limeyeyuka, kimbilia mkanda wa ethi wa injini. Mkanda mpya na dakika chache za brashi ya waya vilimaliza kazi, na ile stata ya zamani waliyoitupa pengine ilikuwa nzima.

Sasa tuingie chumbani. Gari la kuishi lina mifumo miwili iliyooana. Kuna betri ya gari, ya kuwashia injini, na kuna betri ya nyumba, ya taa, pampu na friji. Kati yao kuna rilei ya kutenganisha. Injini ikiwaka na altaneta ikichaji, rilei inafunga na betri zote mbili zinapata chaji. Injini ikizimwa, rilei inaachia, ili mtu asikeshe na taa akaamka gari haliwaki. Kwenye magari ya zamani rilei hii huamrishwa na ule waya wa taa ya chaji kwenye dashibodi. Balbu ya dashibodi ikiungua, altaneta nyingine hazianzi kuchaji vizuri, na chumba nacho hakipati kitu. Balbu ndogo kabisa, na nimeona watu wakinunua betri kwa sababu yake.

Kupima rilei: washa injini, washa taa za chumbani zote na pampu. Pima betri ya gari. Tuseme ni 14.2. Pima betri ya nyumba, ikiwa 13.1, kuna volti 1.1 imebaki njiani. Weka ncha mbili za mita juu ya miguu miwili mikubwa ya rilei. Ikisoma volti 1 nzima hapo, midomo ya rilei imeungua ndani. Na kama inapitisha ampea 20, volti 1 ni wati 20 za joto ndani ya kile kiboksi. Ndiyo maana mnaona plastiki yake imekuwa kahawia.

Betri yenyewe nayo ina lugha yake. Betri ya asidi iliyopumzika masaa kadhaa bila chaji wala mzigo ikisoma 12.6 hadi 12.7 imejaa. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikishuka chini ya 12 imekwisha, na ikiachwa hivyo majuma kadhaa, sahani zake zinaganda salfeti na hairudi. Lakini hata hiyo 12.6 usiiamini mpaka uwashe mzigo. Betri iliyochoka inasoma vizuri ikiwa imelala, ukiwasha taa kubwa inaporomoka mara moja. Wavuvi wa dagaa wanaotumia taa za betri usiku wanajua hili kuliko sisi: jioni betri inaonekana nzima, saa sita usiku taa zimekufa katikati ya maji.

Friji nitakaa nayo kidogo, kwa sababu ndiyo inayowapotosha mafundi wengi. Friji nyingi za magari haya hazina kompresa. Zinapooza kwa joto, na joto hilo linaweza kutoka kwenye gesi, umeme wa nyumbani au volti 12. Kwa volti 12 inakula kama ampea 10 au zaidi muda wote, na ilikusudiwa iwake hivyo gari likiwa linatembea tu. Kwa hiyo mteja akisema friji imemaliza betri usiku, hapo hakuna ugonjwa wa friji. Kuna mtu aliyeirukia rilei yake au aliyeunga waya moja kwa moja.

Akisema haipoi hata akiwa safarini, tufanye hesabu pamoja. Friji iko nyuma, mita 8 kutoka kwenye betri. Umeme unakwenda na kurudi, hiyo ni mita 16 za waya. Waya wa milimita mraba 1.5 una ukinzani wa karibu omu 0.012 kwa mita. Mara 16, unakaribia omu 0.19. Ampea 10 zikipita hapo, karibu volti 2 zinabaki kwenye waya, hata kama waya ni mpya kabisa na kila kiungo kinang'aa. Betri inatoa 13.8, friji inapata kama 12. Unaona ni kidogo? Joto la kipashio linafuata volti mara volti. Kwa hiyo robo ya joto lote imepotea, na kwa jua la saa nane hapa Mwanza friji hiyo haitaganda siagi. Badilisha waya uwe milimita mraba 6, upotevu unashuka hadi karibu nusu volti. Na kabla hujalaumu chochote, hakikisha gari limesimama sawasawa, maana friji za aina hii zikiinama hazipoozi.

Kuna swali limepitishwa kwenye karatasi: kwa nini wengine wanasema fyuzi nzima lakini kifaa hakipati umeme? Magari ya Kijerumani ya zamani yana zile fyuzi ndefu, nyembamba, zenye ncha mbili zilizo wazi na ukanda wa chuma ubavuni. Zile ncha zinashika ukungu wa kutu. Ukizipima kwa mlio wa mita zinalia vizuri. Ukiwasha mzigo zinapata moto, kishikio kinalegea, na fyuzi inayeyuka bila kuungua. Ukiizungusha kwa kidole taa zinarudi, kila mtu anafurahi, kesho zimekatika tena. Safisha kishikio, kaza midomo yake, weka fyuzi mpya ya saizi ileile. Saizi ileile, nasisitiza, kwa sababu fyuzi inalinda waya. Anayeweka msumari au karatasi ya sigara amegeuza waya wote kuwa fyuzi, na waya huo umepita ndani ya ukuta wa mbao, jirani na mtungi wa gesi, juu yake watu wamelala.

Sasa nizungumze mambo matatu yanayoua vifaa, na moja wapo linaua watu.

La kwanza ni volti za gari lenyewe. Usidhani kila gari ni volti 12. Kombi za kabla ya modeli ya 1967 zilikuwa na volti 6. Baadhi ya magari ya Uingereza ya miaka ya sitini na kurudi nyuma yaliunga chanya kwenye bodi. Na malori ya watalii karibu yote ni volti 24, betri mbili zimefuatana. Hapo tuna tabia mbaya iliyozoeleka: mteja anataka redio au chaja ya volti 12, tunachomoa waya katikati, kwenye betri moja. Inafanya kazi siku hiyo. Lakini betri ile ya chini inaliwa kila usiku, na altaneta inaona jumla tu. Inapeleka 28, inadhani kila betri inapata 14. Ukipima utakuta moja ina 12.9 na mwenzake ana 15.1. Moja inakufa kwa njaa, nyingine inachemka na kumaliza maji. Lori la volti 24 likija na malalamiko ya betri, pima kila betri peke yake injini ikiwa inawaka. Kisha tafuta waya wa katikati, ung'oe, weka kibadilishi cha kutoka 24 kwenda 12.

La pili ni rangi. Kwenye umeme wa gari la Kijerumani waya wa kahawia ni ethi. Kwenye umeme wa nyumbani wa Ulaya, waya wa kahawia ndio wenye moto, volti 230. Na ndani ya gari moja la kuishi yote mawili yapo, pengine kwenye kabati moja. Magari ya Marekani nayo, upande wa volti 12 wa chumba, mara nyingi waya mweusi ni chanya na mweupe ni hasi, wakati gari la Kiingereza mweusi ni ethi. Usikate wala usishike waya kwa kuamini rangi. Namba zinaaminika zaidi: kwenye gari la Kijerumani 31 ni ethi, 30 ni moja kwa moja kutoka betri, 15 ni inayokuja ukiwasha swichi. Zimechorwa pembeni ya miguu ya rilei, futa vumbi utaziona.

La tatu ni umeme wa nje. Gari likifika kambini huchomekwa kwenye umeme wa TANESCO, volti 230. Gari la Marekani limetengenezwa kwa volti 120; ukilichomeka moja kwa moja, unachoma chaja, redio na kila kilichowashwa, kwa sekunde. Linahitaji transfoma. Lakini la kutisha zaidi ni bodi yenye umeme. Gari la zamani halina swichi ya kukata umeme unaovuja, au waya wake wa ethi umekatika ndani ya plagi, na waya mmoja uliochubuka unagusa chuma. Gari limekaa juu ya mipira, ndani hakuna anayehisi kitu. Mtoto anatoka kuogelea, miguu imelowa, amekanyaga mchanga wa ufukweni, anashika kitasa. Hapo ndipo umeme unapata njia.

Kwa hiyo kabla hujagusa gari lililochomekwa, weka mita kwenye volti za umeme wa nyumbani, ncha moja kwenye chuma kitupu cha gari, nyingine kwenye chuma kilichochomekwa ardhini penye unyevu. Ukiona volti kadhaa za maana, chomoa umeme kwenye chanzo, waondoe watu, ndipo mzungumze. Na kazi za ndani za volti 230 mpeni fundi mwenye leseni ya umeme wa majumbani. Hii si aibu kwako. Na invata, ile mashine inayogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, ni ya kuogopwa vilevile, maana inatoa 230 hata kama gari limechomolewa. Zima invata, pima tena, ndipo uingize mkono.

Nipite haraka kwenye betri inayoishiwa gari likiwa limelala. Zima kila kitu, funga milango, weka mita ya ampea kati ya nguzo hasi na waya wake, subiri dakika kadhaa vifaa vitulie. Ukikuta miliampea chache, chini ya 50 hivi, usihangaike. Ukikuta nusu ampea, hiyo ni ampea-saa 12 kila siku, na betri ya ampea-saa 100 inafika nusu kwa siku nne. Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Mara nyingi ni kengele ya gesi, redio, au ngazi ya umeme ya mlangoni. Usipige stata mita ikiwa hapo, utaichoma. Na sola juu ya paa isikudanganye kuwa ugonjwa umepona. Inafidia mchana kinachovuja usiku, mpaka siku ya mawingu.

Ukishapata kiungo kibovu, kitengeneze kwa namna ambayo hakitarudi. Kusokota nyaya na kuzungusha tepu nyeusi ni kazi ya kufika nyumbani, si ya kumkabidhi mtu anayekwenda Serengeti. Tepu inalainika kwa joto, gundi inatiririka, unyevu unaingia. Kata waya mpaka uikute shaba nyekundu inayong'aa. Bana kipete kwa koleo lake la kubania, si kwa kugonga nyundo. Kivute kwa nguvu. Kikitoka, bora kitokee mkononi mwako. Funika kwa mpira unaonywea ukipashwa joto. Kusoda si vibaya, ila risasi inaufanya waya kuwa mgumu na mtikisiko unaukata pale risasi inapoishia, basi ufunge usicheze. Kwenye betri, osha ule unga mweupe kwa maji na magadi soda, vifuniko vikiwa vimefungwa. Kaza kwanza, mafuta ya kupaka yaje mwisho, juu. Na sigara iwe mbali: betri inayochaji inatoa haidrojeni.

Nimebakiza jambo linaloniuma, nalo ni malipo. Mteja wetu amezoea kulipia kitu anachokishika. Ukimuuzia altaneta, analipa. Ukimwambia umetumia saa mbili kupima na ugonjwa ulikuwa skrubu moja, anacheka, anakupa ya soda. Ndiyo maana fundi mzuri anajikuta anauza altaneta ambayo haikuhitajika. Hatuwezi kuwalaumu vijana kwa kupiga ramli kama ramli ndiyo inayolipa. Ninachoomba tukubaliane hapa, gereji zote tulizokusanyika: upimaji uwe na bei yake, itamkwe kabla boneti haijafunguliwa, na mteja apewe karatasi.

Karatasi hiyo iwe fupi. Mahali ulipopima, mzigo gani ulikuwa umewashwa, volti kabla ya matengenezo, volti baada ya matengenezo. Mjerumani, Mholanzi, Mkenya na Msukuma wote wanasoma 9.4 ikawa 12.3. Fundi atakayelipokea gari hilo Kigali au Arusha naye ataanzia ulipoishia, badala ya kuanza tena na betri. Mimi karatasi naibandika ndani ya mlango wa kabati la fyuzi, na mchoro wa njia za waya nilizozifuata, hata kama ni wa kalamu ya risasi.

Nje kuna Kombi moja mwenyewe ametukubalia tuifanyie mazoezi. Nimeitia magonjwa manne asubuhi hii, mawili upande wa chanya na mawili upande wa hasi, na hakuna kifaa hata kimoja kilichokufa. Gawanyikeni vikundi, kila kikundi na mita yake. Taa za chumbani ziacheni zikiwaka, pampu ya maji iendeshwe muda wote tangi likiwa na maji, na mtu yeyote asichomoe chochote kabla hajaniletea namba tatu alizozisoma na mahali alipozisomea. Kikundi cha Magu na Lamadi mtaanza, kwa sababu mna safari ndefu ya kurudi.